Maji ya Ziwa Tanganyika ni matamu, lakini boila haiyapendi

Chukua birika la chai lililotumika miaka miwili katika nyumba yoyote ya Rusimbi, ulifunue na uingize kidole ndani. Utagusa ukoko mweupe, mkavu kama chokaa. Maji uliyochemsha humo yalitoka bombani, na ya bombani yalitoka ziwani. Ulipoyanywa yalikuwa matamu, maana hayana chumvi ya kuhisiwa ulimini. Lakini madini yamo, na kila maji yanapogeuka mvuke, madini hubaki nyuma.

Kwenye birika hilo ni usumbufu mdogo tu, ndimu au siki inatosha kuuondoa. Kwenye boila ya kiwanda ni hasara inayolipiwa kila siku bila mwenye mali kuiona, kwa sababu haiandikwi kwenye risiti yoyote. Makala hii inaeleza hasara hiyo inatoka wapi, na kwa nini viwanda vingi duniani sasa huyapitisha maji yao kwenye mashine inayojulikana kwa kifupi kama RO kabla ya kuyatumia.

Tuanze na ziwa lenyewe. Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470 na limebeba takribani sehemu moja ya sita ya maji yote baridi ya juu ya ardhi duniani. Maji yanayoingia hukaa humo miaka mingi sana, kwa kuwa sehemu kubwa huondoka kwa jua na kidogo tu hutoka kwa Mto Lukuga upande wa Kongo. Ndiyo sababu madini yamejikusanya. Katika kila lita elfu moja za maji ya ziwa kuna gramu 400 hadi 500 za madini yaliyoyeyuka. Kiasi cha gramu 40 kati ya hizo ni magnesi, na sehemu kubwa ya zilizobaki ni za jamii ya magadi. Maji haya yana ualkali, kipimo chake cha pH kinakaribia 9. Mama anayefua kwa sabuni ya mche anajua habari hii bila maabara: povu linachelewa.

Sasa weka maji hayo kwenye boila. Chukua kiwanda cha kukamua mawese au cha sabuni chenye boila inayotumia lita 10,000 kwa siku. Ugumu wa maji ya ziwa ni karibu gramu 200 kwa lita elfu, kwa kipimo cha mafundi cha chokaa. Kwa siku moja, kilo mbili za vitu vinavyoweza kuwa ukoko zimeingia. Kwa mwezi wa siku 25 za kazi ni kilo 50, mfuko mzima wa saruji. Si zote hushika ukutani, nyingine huwa matope yanayotolewa chini. Zinazoshika huganda juu ya mabomba yale yale yanayopaswa kupokea moto, na ukoko haupitishi joto vizuri. Moto unapiga upande mmoja, maji upande wa pili yanachelewa kuchemka, mchochezi anaongeza kuni au dizeli. Chuma nacho, kwa kuwa maji hayakifikii kukipoza, huwa chekundu, huvimba, na siku moja hupasuka. Bomba la boila likipasuka Kigoma, la kubadilisha huenda likabidi litoke Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli.

Mji huu una historia ndefu na mvuke. Meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na kuunganishwa hapa Kigoma, ilizinduliwa mwaka 1915 ikiwa ya mvuke, na ikaendelea hivyo hadi ilipowekewa injini za dizeli miaka ya 1970.

Hasara ya pili haionekani hata kwa kufungua boila. Mvuke unapotoka, maji yanayobaki huzidi kuwa mazito, na yakizidi mno hutoa povu linalopanda na mvuke hadi kwenye mashine. Kwa hiyo fundi hufungua valvu ya chini na kumwaga sehemu ya maji, kazi inayoitwa blodauni. Tuseme boila yako inavumilia gramu 3,500 kwa lita elfu. Maji yenye gramu 450 yatafika hapo yakishazidi uzito mara nane hivi, maana yake lita moja katika kila nane unazoingiza lazima uimwage. Katika lita 10,000 ni lita 1,250 kwa siku, na si za baridi: kwenye boila ya presha ya bar 7 zina nyuzi joto 170. Umezilipia maji, ukazilipia dawa, ukazilipia kuni, kisha ukazitupa mtaroni. Na kwa magadi yaliyo ndani ya maji ya Tanganyika, mafundi waangalifu humwaga zaidi ya hapo.

RO inaingia hapa. Jina kamili ni osmosisi ya kinyume, na osmosisi yenyewe watu wa mwambao wa ziwa wanaijua kwa kazi ya mikono. Ukipaka samaki chumvi, baada ya saa chache beseni lina maji. Chumvi haikumfinya samaki. Maji yalijivuta yenyewe kupitia ngozi za chembe za nyama, kutoka ndani kulikokuwa na chumvi kidogo kwenda nje kulikokuwa na chumvi nyingi. Sasa fanya kinyume: weka maji yenye madini upande mmoja wa utando mwembamba sana, yasukume kwa pampu yenye nguvu kuliko ule mvuto, na maji yatalazimika kupita kwenda upande safi huku madini yakibaki. Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan wa Chuo Kikuu cha California ndio walioufanya utando wa kufaa kazi hii, kuelekea mwaka 1960, na mwaka 1965 mji wa Coalinga huko California ukaanza kunywa maji yake. Tando za leo ni za plastiki ya aina ya poliamidi, zimeviringishwa kama mkeka ndani ya bomba.

Nguvu inayohitajika hutegemea chumvi iliyomo. Watu wa Ujiji wenye ndugu Oman wamesikia habari za mitambo ya kutengeneza maji ya kunywa kutoka baharini, kama ule wa Sur. Bahari hutaka presha ya bar 55 hadi 70, na hula uniti tatu au nne za umeme kwa kila lita elfu. Maji ya Tanganyika hayahitaji hayo. Bar 10 zinatosha, na umeme wake huwa chini ya uniti moja kwa lita elfu, yaani mia chache za shilingi. Kulinganisha tu: kuchemsha lita elfu hadi ziishe kuwa mvuke, kama anavyofanya anayetengeneza maji ya betri kwa kukingia matone, hula joto sawa na uniti 700 hivi.

Maji yanayotoka kwenye RO nzuri huwa yamepoteza asilimia 98 ya madini. Gramu 450 zinakuwa kama 10. Blodauni inashuka kutoka lita 1,250 hadi chini ya 200 kwa siku, na ule mfuko wa saruji hauingii tena.

Lakini usikimbilie kununua. Katika kila lita elfu zinazoingia, 750 hutoka safi na 250 hutoka na madini ya zote, mara nne ya uzito wa mwanzo. Maji hayo ya mabaki pia yamepita kwenye mita yako, kama unanunua kwa KUWASA. Yanafaa kuosha sakafu na kumwagia vyoo, na anayeyatupa tu anapunguza faida yake mwenyewe. Kuyarudisha ziwani si jambo la kujiamulia, ni la kwenda kuuliza NEMC na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika.

Utando nao una maadui. Wa kwanza ni klorini: ile inayotulinda dhidi ya kipindupindu ndiyo inayoula utando wa poliamidi, kwa hiyo maji ya bomba lazima yapite kwanza kwenye kichujio cha makaa. Wa pili ni ule ukoko wenyewe, ambao kwa maji yenye pH ya 9 huganda upesi juu ya utando usipoongezwa dawa ya kuuzuia. Wa tatu ni umeme kukatika. Mashine ikilala siku kadhaa na maji ndani bila kusuuzwa, utelezi wa vijidudu unaota.

Kwa maoni yangu, mtengeneza sabuni mwenye pipa moja la kuchemshia haihitaji RO. Mwenye boila ndogo, hasa anayerudisha maji ya mvuke uliopoa, aanze na mashine ya kulainisha maji. Hiyo hubadilisha magnesi na kalsiamu kwa sodiamu, na inachohitaji ni chumvi safi, nasi Uvinza tunayo jirani. Itazuia ukoko, ingawa haitapunguza blodauni wala magadi. RO ni ya mwenye boila inayowaka siku nzima, ya anayejaza maji kwenye chupa, ya anayetengeneza maji ya betri. Huko Uvinza kwenyewe haiwezi kitu: maji ya chemchemi zile yana chumvi nyingi kiasi kwamba ingetakiwa presha ya mamia ya bar.

Kuna jambo moja wauzaji husahau kusema. Maji ya RO yana njaa. Yakiwa hayana madini, na yakibeba hewa ya kaboni iliyopenya kwenye utando, hula chuma. Bomba la kutoka kwenye mashine liwe la plastiki, na kabla ya kuingia kwenye boila maji yaongezwe dawa ya kurudisha ualkali na kuondoa oksijeni.

Ukishaifunga, nunua kipimo kidogo cha mkononi cha madini na andika namba kila asubuhi kwenye daftari, ya maji yanayoingia na ya yanayotoka. Siku ya kwanza ikiwa 450 na 10, na baada ya miezi ukasoma 450 na 40, utando umechoka au mpira wa kuzibia umevuja. Mwite fundi wiki hiyo hiyo.