Antena Kwanza, Mtambo Baadaye

Ndugu zetu wanaotaka kuanzisha redio ya kijiji hutuuliza swali moja: tununue mtambo wa wati ngapi? Nasi huwajibu: kwanza tuambieni mtaweka antena gani, na wapi.

Tulijifunza kwa kuumia. Tulinunua mtambo mzuri, pesa zikaisha, tukachukua antena ya bei rahisi iliyokatwa kwa masafa mengine. Nguvu badala ya kwenda hewani ikarudi mtamboni, na baada ya wiki mbili ukaungua. Harambee ya pili ilituchukua miezi minne, na hata wazee wetu walisita kutoa.

Antena ni lazima ilingane na masafa mliyoandikiwa kwenye leseni. Hesabu si ngumu: gawanya 143 kwa megahezi zenu. Kituo cha 100 FM chahitaji fimbo mbili zenye jumla ya mita 1.43; cha 90 FM, mita 1.59. Antena hii, daipoli, yatosha kwa kuanzia, na fundi hodari huitengeneza kwa mabomba ya alumini. Isimamisheni wima, kwa sababu redio za gari na nyingi za mkononi zina antena ya kusimama. Msiibane kwenye mlingoti wa chuma. Iacheni mbali nao kama mita moja.

Halafu kimo. Mkiongeza wati mara nne, mawimbi yanapata nguvu mara mbili tu. Mahali tambarare, kupandisha antena kutoka mita 10 hadi 20 huleta karibu faida hiyo hiyo, bila kuongeza bili ya stima. Lakini hakikisheni leseni yaruhusu kimo hicho.

Waya nao ni mwizi. Mita 30 za RG-58, ule mwembamba, hula zaidi ya nusu ya nguvu kabla haijafika juu. RG-213, ulio mnene, hula kama theluthi. Kwa hivyo mtambo ukae karibu na mlingoti.

Siku ya kuwasha, azimeni mita ya SWR. Ikisoma 1.5 au chini, sawa. Ikisoma 3, robo ya nguvu inarudi: zimeni mara moja. Na mtambo usiwashwe kamwe bila antena, hata kwa kujaribu tu dakika moja. Mlingoti nao uunganishwe na ardhi kabla ya mvua za radi.