Kujiandaa kwa Usaili wa Ualimu: Swali la Tukio na Swali la Tatizo

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwalimu mtarajiwa wa shule ya msingi awezavyo kujiandaa kwa usaili wa ajira. Nitashughulikia hasa aina mbili za maswali ambayo wanachuo wengi wa huku Karagwe na Kyerwa hushindwa kuyajibu, ingawa somo lenyewe wanalijua vema.

Kwa miaka mingi mwalimu aliyehitimu hakuhojiwa. Alipeleka maombi, akangoja orodha ya vituo, akafunga mizigo yake. Ndivyo nilivyoajiriwa mimi mwenyewe. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza nimejifunza kwa kuwahoji wanachuo katika mazoezi na kuwasikiliza waliokwisha kusailiwa. Leo mambo ni mengine. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichotokana na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma, huwasaili walimu pia, na mwaka 2025 usaili huo ulifanyika mikoani. Waombaji ni wengi kupita nafasi, na kila mmoja hujigharamia nauli, chakula na malazi. Kituo kikiwa Bukoba, kijana atokaye Murongo hupita Nkwenda, Omurushaka na Kyaka kwa fedha ambazo aghalabu zimetokana na kahawa au mikungu ya ndizi ya wazazi wake. Kisha hukaa mbele ya wasaili kwa dakika chache tu.

Katika dakika hizo anaweza kuulizwa swali la tukio, yaani aeleze jambo alilowahi kulitenda, au swali la tatizo, yaani apewe hali ya shule na kutakiwa aitatue pale pale. Njia hizi hazikubuniwa kwa ajili ya walimu. Makampuni ya ushauri wa uongozi, kama McKinsey & Company iliyoanzishwa Chicago mwaka 1926, huwahoji vijana hivyo hivyo: humweleza mwombaji shida ya kiwanda au ya duka, humtaka afikiri kwa sauti, kisha humwuliza habari za mambo aliyoyatenda mwenyewe. Msaili huko hatafuti jibu moja lililo sahihi. Atafuta kujua fikra za mtu huyu zinakwendaje.

Tuanze na tukio. Katika zoezi moja nilimwuliza mwanachuo: “Tueleze siku uliyokosea darasani.” Akajibu kwamba hajawahi kukosea. Nikamwuliza tena, akatoa maelezo marefu juu ya sifa za mwalimu bora. Nilimkatiza nikamtaka afungue daftari lake la mazoezi ya kufundisha. Humo mlikuwa na habari nzuri kuliko yote aliyoyasema. Alikuwa amefundisha kutoa kwa kukopa katika darasa la watoto 54 shuleni Kyerwa, na watoto 31 wakakosa. Alipowapitia mmoja mmoja aligundua kwamba hawakujua kuwa kumi moja ni mamoja kumi. Walikuwa wakiandika alama tu. Siku ya pili akawafungia vijiti kumi kumi kwa kamba za migomba, akawaacha wafungue fungu wenyewe kila walipotaka kukopa. Waliokosa wakabaki 12.

Hilo ndilo jibu. Lina hali ilivyokuwa, wajibu wake, tendo lake na matokeo yake, na kila sehemu ina idadi au kitu cha kushikika. Tazama pia kwamba tendo ndilo lililochukua nafasi kubwa. Wanachuo wetu hutumia muda mwingi kueleza shule ilivyo mbali na barabara, na tendo wakaligusa kwa sentensi moja. Tena husema “tulifanya”, kwa adabu tuliyolelewa nayo ya kutojisifu. Adabu hiyo ni njema, lakini msaili hawezi kuajiri “sisi”. Sema “nilifanya”, na msaada wa mwalimu mwenzako uutaje kwa jina la msaada.

Yafaa basi daftari la matukio lianze siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha, wala si usiku wa kuamkia usaili. Kila jioni andika jambo moja lililokwenda vibaya na ulilolifanya.

Swali la tatizo ni gumu zaidi. Mathalani: “Umepangiwa Darasa la Kwanza lenye watoto 96, madawati 20 ya kukaa watatu watatu na vitabu 24. Wengi nyumbani husema Kinyambo. Utafanya nini?” Jibu la kawaida ni kuomba Serikali iongeze vitabu na madawati. Si uongo, ila watoto watakuja kesho asubuhi.

Mtahiniwa aliyejiandaa huanza kwa kuuliza: niko peke yangu au tuko wawili? Je, kuna chumba kingine? Msimu wa kahawa mahudhurio hupungua kiasi gani? Kisha hupiga hesabu kwa sauti. Madawati yanatosha watoto 60, wanabaki 36. Vitabu 24 kwa watoto 96 ni kitabu kimoja kwa wanne; wakishika wawili wawili, watoto 48 husoma kwa wakati mmoja, na katika vipindi viwili darasa lote limeshika kitabu. Wale 48 wasiosoma wataandika herufi kwa vijiti ardhini, karibu na dirisha ambapo mwalimu anawaona. Juu ya lugha atasema kwamba ataanza na majina ya vitu ambavyo mtoto anavijua, kama kitoke na ekitabo, kisha kumvusha kuingia Kiswahili.

Hapo msaili atauliza: “Na mvua ikinyesha?” Swali hili huwavunja wengi moyo, wakadhani jibu lao limekataliwa. Sivyo. Msaili anataka kuona kama mpango wako unapindika bila kukatika. Nyamaza kidogo, fikiri, badilisha sehemu moja tu ya mpango. Kunyamaza kwa muda mfupi si kosa.

Kuna vijitabu vya maswali na majibu vinavyouzwa kwa wahitimu. Sivipendi. Majibu yaliyokaririwa hufanana, na msaili aliyekwisha kuyasikia mara thelathini siku hiyo huyatambua kabla hujamaliza sentensi ya kwanza.

Kuhusu vyeti nitasema kwa kifupi: chukua vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, pamoja na kitambulisho, hati ya muda ya matokeo haikubaliwi. Majina yakitofautiana katika vyeti, shughulikia hati ya kisheria mapema. Wanachuo huniuliza pia kama waseme “Shikamoo”. Ikiwa wasaili ni wakubwa wako kwa umri, waamkie wote mara moja, kisha ngoja uambiwe ukae.

Kwa mazoezi, kaeni wanne wanne: mmoja ajibu, wawili wahoji, wa nne ashike saa na kuhesabu mara ngapi mjibuji amesema “tulifanya”. Baada ya dakika kumi badilishaneni viti.