Rangi ya Gari Haioti Tena

Wengi wenu mnawafahamu vijana wanaoosha magari hapa Voi, kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi na kwenye njia inayokwenda Mwatate hadi Taveta. Wana ndoo, mpira wa maji na vitambaa, na wengine wao wanalisha nyumba nzima kwa kazi hiyo. Zamani tegemeo lao kubwa lilikuwa malori. Reli mpya ilipoanza kubeba makontena mwaka 2018, mizigo mingi ilihamia huko, na vijana wakalazimika kutafuta la kuongeza juu ya kuosha. Baadhi yao wakaingia katika kazi ya kung'arisha rangi iliyochakaa na kuondoa mikwaruzo.

Ni kazi nzuri, na malipo yake yanazidi ya kuosha mara nyingi. Lakini nimeona kikundi kimoja kikipoteza akiba yake yote kwa sababu ya gari moja tu, ndiyo maana nikaona tulizungumze jambo hili.

Ilikuwa hivi. Mwalimu mmoja alileta gari lake jeusi, boneti limejaa mikwaruzo midogo midogo. Kijana mmoja wa kikundi akaazima grainda kwa fundi wa kuchomelea vyuma, akaifunga sponji mbele, akapaka kapaundi na kuanza kazi. Haikupita hata dakika moja. Pale alipoegemeza mashine weusi ukaondoka, na chini yake ikatokea rangi ya kijivu. Mwenye gari alikuwa amesimama pale pale. Kikundi kililipa fundi wa rangi apulize boneti zima upya, na pesa walizokuwa wakiweka kila Jumamosi zikaisha. Yule kijana aliniambia, "Madam, mimi nilidhani ni kama sufuria. Ukisugua sana ndiyo inang'aa."

Wala hakuwa mvivu. Hakuna mtu aliyekuwa amemweleza rangi ya gari ni kitu gani.

Ngozi nyembamba kuliko karatasi

Magari mengi tunayoyaona yametoka Japani yakiwa yametumika, kwa maana Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Rangi yake ya kiwandani imepakwa kwa tabaka. Kwanza bati lenyewe, halafu rangi ya msingi ambayo mafundi huiita praima, halafu rangi tunayoiona, nyeupe au bluu au nyeusi. Juu kabisa ni laka, isiyo na rangi yoyote, kama kioo. Mng'ao wote unatoka kwenye laka hiyo, na ndiyo inayozuia jua lisichome rangi iliyo chini.

Sasa chukua karatasi moja ya kupiga chapa uishike kwa vidole. Unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Tabaka zote za rangi ya gari pamoja kwa kawaida zinafikia unene wa karatasi hiyo au zaidi kidogo. Laka peke yake haifiki nusu ya karatasi. Hapo ndipo kijana anafanyia kazi yake yote.

Na watu hudhani polishi inajaza mkwaruzo. Hapana. Mkwaruzo ni mfereji. Kapaundi ina chembe ndogo ndogo zinazokula laka ya pande zote mbili za mfereji mpaka uso uwe sawa na chini ya mfereji. Mkwaruzo unatoweka kwa sababu laka yote ya hapo imepungua. Gari likisuguliwa hivyo kila Krismasi, mwaka utafika laka haipo. Nta inayopakwa mwishoni inakinga tu, haiongezi laka hata kidogo. Iliyotoka imetoka.

Magari mengine, hasa meupe ya kazi, hayakupakwa laka kabisa. Kuyatambua ni rahisi: weka polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe, usugue mahali palipojificha. Kitambaa kikibaki na rangi ya gari, basi hakuna laka, unasugua rangi yenyewe.

Mikwaruzo inatoka wapi?

Hapa kwetu jibu liko miguuni mwetu. Ni udongo huu mwekundu, ule ule unaowafanya ndovu wa Tsavo waonekane wekundu. Ndani ya vumbi hilo mna chembe za mchanga mgumu unaoweza kukwaruza hata kioo. Gari linatoka Kasigau au Maktau limefunikwa vumbi, na dereva mwenye haraka anachukua kitambaa kikavu anapangusa. Mwenyewe anaona amesafisha, kumbe amepiga msasa. Baadaye gari likisimama juani utaona alama za duara kama utando wa buibui. Nathubutu kusema kwamba mikwaruzo mingi tunayolipwa kuiondoa tumeitia sisi wenyewe wakati wa kuosha.

Kwa hiyo fundi wa rangi anaanzia kwenye kuosha. Mwaga maji kwanza kutoka juu kwenda chini, vumbi lishuke lenyewe kabla mkono haujagusa. Weka ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila mara kabla hujakirudisha kwenye sabuni. Utashangaa ukiona mchanga uliokaa chini ya ile ndoo ya pili! Magurudumu yawe na kitambaa chao, wala kitambaa kilichoanguka chini kisirudi kwenye rangi. Sabuni ya unga ya kufulia iachwe nyumbani, kwa sababu inaondoa nta yote. Tumia shampuu ya magari.

Halafu kuna maji ya visima, ambayo sehemu nyingi za Voi yana chumvi. Ukiyaacha yakauke juani yanaacha madoa meupe. Osha kivulini, bati likiwa limepoa, na ukaushe mara moja kwa kitambaa laini. Doa lililokwisha kushika unaweza kulijaribu kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha usuuze vizuri. Mavi ya ndege yasingoje jioni. Yanakula laka, na jua letu linayasaidia.

Magari ya watalii yana ugonjwa wake. Yakipita vichakani, miiba inachora ubavu mistari mirefu kutoka mbele hadi nyuma.

Pima kwa ukucha kabla ya kukubali pesa

Gari likishaoshwa na kukauka, pitisha kiganja polepole juu ya rangi. Ukihisi ukakasi kama wa ulimi wa paka, hiyo ni takataka iliyong'ang'ania. Unaweza kuiondoa kwa ule udongo laini wa kusafishia rangi unaouzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari, ukitelezeshwa juu ya maji ya shampuu. Kipande kikianguka chini kitupwe, maana kimeokota mchanga.

Kisha angalia mkwaruzo wenyewe. Pitisha ukucha juu yake kwa kuukata. Ukucha ukiteleza, mkwaruzo uko kwenye laka na huenda ukatoka. Ukucha ukinasa, umekwenda chini mno. Ukiusugua mpaka uishe utakuwa umemaliza laka ya pale. Mwambie mwenye gari unaweza kuupunguza makali usionekane sana, basi. Na kama laka imeanza kubambuka kama ngozi ya nyoka, jambo la kawaida kwenye paa na boneti za magari yaliyolala juani miaka mingi, hakuna polishi itakayosaidia. Hiyo inahitaji kukwanguliwa na kupulizwa upya.

Chukua pia sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chepesi. Mahali ambapo haishiki vizuri kama kwingine, jua kuna pati chini, gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Rangi ya mahali hapo si ya kiwandani, na huwezi kujua aliyeipaka aliweka laka kiasi gani. (Plastiki ya bampa haishiki sumaku kabisa, usidanganyike.) Wenye vipimo vya umeme vya unene wa rangi wana bahati. Kikundi kinaweza kuchanga na kununua kimoja.

Kusema "hii siwezi" ni sehemu ya kazi. Mzee akija na gari lake na kusisitiza, mjibu kwa heshima: "Mghosi, alama hii nikiiondoa yote nitakuharibia rangi. Niache niipunguze." Wengi wanaelewa. Asiyeelewa, mwache aende.

Mashine

Grainda ya kawaida inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya polishi inafanya kazi kati ya mara 600 na 3,000 hivi, tena unaweza kuipunguza. Tofauti hiyo ndiyo iliyokula akiba ya wale vijana. Msuguano unaleta joto, na laka ikipata joto inalainika na kuungua.

Hata mashine za polishi si sawa. Ile inayozunguka tu mahali pamoja inakata haraka lakini inachoma haraka pia. Kuna nyingine inayozunguka huku ikitikisika, na hiyo inamsamehe anayejifunza. Anza nayo. Jifunze kwenye mlango wa gari bovu kutoka kwa wauza vyuma chakavu, usijifunze kwenye gari la mtu.

Kingo za boneti, za milango na mistari iliyoinuka kwenye bati ndizo zenye rangi nyembamba kuliko zote. Zibandike utepe wa karatasi kabla hujaanza. Fanya kipande cha futi mbili kwa mbili, usiende nje yake. Mashine isisimame mahali pamoja, na kila baada ya muda gusa bati kwa mkono: likiwa la moto, pumzika. Anza na polishi laini na sponji laini. Ikishindwa ndipo uende kwenye kapaundi, kwa sababu ukianza na kali huwezi kurudi nyuma. Futa, toa gari juani au mulika kwa tochi, uone ukweli. Vijana wengi hupenda kumaliza haraka, lakini gari dogo likifanywa sawasawa linachukua siku nzima au mbili, na bei ipangwe hivyo. Hesabu kapaundi, sponji, stima, maji na chakula cha watu wawili kabla hujataja kiasi.

Mapafu na mto

Kazi ya kupuliza rangi ni jambo lingine kabisa, na hapa nitasema wazi. Laka nyingi za siku hizi huchanganywa na hadina ili zikauke na kuwa ngumu. Ndani ya hadina hizo mna kemikali ziitwazo aisosayaneti, ambazo zinajulikana duniani kote kwa kuwaletea wapuliza rangi pumu. Kijana anaanza kukohoa na kubanwa kifua jioni au usiku baada ya kazi, anadhani ni mafua au vumbi. Mwili ukishazikataa, hata kiasi kidogo sana kinatosha kumbana tena, na huenda akalazimika kuiacha kazi moja kwa moja. Leso ya kufunga puani haizuii chochote. Kifaa kinachofaa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, na karakana nyingi za jua kali hazina. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kumkinga, lakini kikundi cha vijana kinachojiajiri kitamdai nani? Ushauri wangu ni kwamba kikundi kibaki kwenye kuosha na kung'arisha, na gari la kupulizwa lipelekwe kwa mwenye vifaa. Mwenye kikohozi cha aina hiyo aende hospitali na amweleze daktari kazi anayofanya.

Maji nayo. Mto Voi unatoka milima ya Taita, unapita hapa mjini na kuingia Tsavo Mashariki mpaka bwawa la Aruba, lililojengwa mwaka 1952. Mafuta, dizeli ya kusafishia injini na sabuni tunazomwaga ukingoni zinakwenda na mvua ya kwanza. Kanuni za ubora wa maji zinakataza kumwaga uchafu kwenye mto, na afisa wa mazingira akija hataulizia umaskini wako. Chimbeni shimo lenye kokoto na mchanga mbali na mto, mafuta mazito mkusanye kwenye mtungi. Kwa ndoo na uangalifu, gari dogo linaoshwa kwa mitungi mitatu ya lita 20.

Yule kijana wa grainda hakuacha kazi. Sasa ana daftari. Kabla ya kugusa gari anazunguka nalo pamoja na mwenyewe, anaandika kila mkwaruzo, upi utatoka na upi utabaki, kisha mwenye gari anatia sahihi chini yake.