Diouana kwa Picha Safi

Mwaka 1966 Ousmane Sembène, mwandishi wa Senegal aliyewahi kuwa kuli katika bandari ya Marseille, alitoa filamu isiyozidi saa moja iitwayo La Noire de... Ni habari ya Diouana, msichana wa Dakar anayelea watoto wa Wafaransa. Waajiri wanapomwita awafuate Antibes, Ufaransa, anadhani anakwenda kulea walewale. Kumbe kazi ni kupika, kufua na kusafisha, na Ufaransa aliyoiota inaishia jikoni.

Filamu ilipata tuzo ya Jean Vigo mwaka huohuo. Hata hivyo, kwa muda mrefu wengi waliijua kwa kusimuliwa tu. Aliyetaka kuiona mara nyingi alisubiri tamasha au ukumbi wa chuo. Mambo yalibadilika ilipofanyiwa ukarabati huko Bologna, Italia, kwa ukali wa 4K. Taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, iliitoa kwenye diski mwaka 2015, na Criterion ya Marekani ikafuata mwaka 2017. Zote mbili ziliongeza Borom sarret ya 1963, filamu fupi ya Sembène kuhusu mwendesha mkokoteni wa Dakar.

Picha ikishasafishwa, jicho linaanza kuokota vitu. Diouana anapiga deki akiwa na gauni la madoadoa na viatu vya visigino, kama anayetoka kwenda harusini, na bibi mwenye nyumba anachukia kweli. Halafu kuna kinyago. Diouana alikinunua kwa mtoto wa mtaani kwao akawazawadia mabosi wake. Kule Dakar kilichanganywa na vinyago vingine; Antibes kimebaki peke yake kwenye ukuta mweupe pe. Katika nakala iliyochakaa ukuta ule ungeweza kupita kama ukungu tu. Hapa unatisha.

Sauti nayo ina mambo yake. Maneno yaliingizwa baada ya kupiga picha. Uso ni wa Mbissine Thérèse Diop, lakini anayesema mawazo ya Diouana ni Toto Bissainthe, mwimbaji wa Haiti, tena kwa Kifaransa. Mtu anaweza kuuliza: tangu lini binti wa Dakar asiyejua kusoma akawaza kwa Kifaransa sanifu namna hii? Swali ni la haki, na Sembène mwenyewe alitumia Kiwolofu katika Mandabi, mwaka 1968. Lakini pengo hilo kati ya uso na sauti linamfaa mwanamke ambaye hata barua ya kumjibu mama yake, bosi anajaribu kumwandikia kwa maneno ya kujitungia mwenyewe.

Diski zina pia kipande cha rangi, Diouana anapopitishwa kwa gari kando ya bahari mara baada ya kushuka melini. Kipande hicho hakimo katika toleo lililozoeleka. Kinapendeza, ila kusema kweli filamu inauma zaidi bila hicho.

Anayetaka kununua aangalie kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa. Blu-ray za Criterion hufungwa kwa kanda A, wakati Afrika imewekwa kanda B pamoja na Ulaya. Kwa hiyo aliyeletewa diski ya Criterion na ndugu yake wa Chicago, akaiweka kwenye deki ya kawaida iliyonunuliwa Dakar au Dar es Salaam, ataambiwa haichezi. Aagize ile ya BFI.