Seva kwa Maandishi, Ankara kwa Dola

Kazi ya kusimamisha seva za tovuti katika wingu, ambayo zamani fundi aliifanya kwa kubonyeza kitufe baada ya kitufe, siku hizi Dar es Salaam na Nairobi aghalabu hufanywa kwa kuandika msimbo: faili huitaja seva, hifadhidata na kuta za moto, na programu kama Terraform, iliyotoka mwaka 2014, huyasoma maandishi hayo na kuviunda vyote kwa dakika chache. Faida yake ni dhahiri kwa kila aliyewahi kupoteza seva usiku wa manane akawa hakumbuki ilisimamishwaje. Lisilo dhahiri ni kama wepesi huo umewanufaisha wenye kazi yenyewe.

Mkandarasi mmoja wa Dar es Salaam, aliyeomba jina lake lisitajwe kwa kuwa wateja anaowalalamikia ndio hao hao wanaomlisha, alitufungulia kompyuta yake akatuonyesha orodha ambayo programu huitoa kabla ya kutenda, cha kuongezwa kikiwa na alama ya kujumlisha na cha kuondolewa alama ya kutoa. Kanuni moja ya ukuta wa moto ilikuwa na alama ya kutoa. Mfanyakazi wa mteja aliifungua kwa mkono ili watu wa hesabu waingie kutoka nyumbani, asimwambie mtu, na programu, maadam haikuikuta katika maandishi, ilikuwa tayari kuifuta. Asubuhi nzima ilikwenda kwa kupiga simu kutafuta nani alifungua nini, wala saa hizo hazilipwi.

“Mteja ananiambia, kaka, faili si lipo? Nikulipe tena la nini?” alisema, na hapo ndipo ulipo uchungu wa biashara hii: kinachoonekana ni faili, na maarifa yaliyoliandika, pamoja na ulinzi wake wa kila siku, hayahesabiwi kuwa na thamani. Juu ya hayo, mwenye wingu wa ng’ambo humkata mkandarasi kwa dola kila mwezi, ilhali kanuni za Machi 2025 zinakataza bei za ndani ya Tanzania kutajwa kwa fedha za kigeni. Naye akishakubaliana na mteja bei ya mwaka kwa shilingi, hasara ya sarafu ikishuka ni yake peke yake.

Njia moja ya kuikwepa dola ni kuziweka seva hapa nchini. Ofisa mmoja wa serikali tuliyemwuliza habari hizi alijibu kwa hesabu moja, nayo akairudia kila tulipombana: kituo cha data cha ndani kimesanifiwa kupatikana kwa asilimia 99.982 ya muda, yaani kisizimike zaidi ya takriban saa 1 na dakika 35 kwa mwaka. Hesabu hiyo ni ya usanifu, ya umeme na ya mitambo ya kupoza, wala si kipimo cha huduma anayoipata mteja; tulipoomba rekodi iliyopimwa, tuliahidiwa. Mkandarasi wetu ana hoja nzito zaidi, kwamba huko seva huombwa kwa fomu na kusubiriwa kwa barua pepe, hivyo msimbo wake hauna wa kuusikiliza. Ofisa anasema jambo hilo limo katika mipango.

Hata hivyo, hoja ya kuzirudisha seva nyumbani si ya kupuuzwa. Kanda kamili za wingu za makampuni makubwa ya ng’ambo zimefunguliwa Afrika Kusini, Johannesburg mwaka 2019 na Cape Town mwaka 2020, na Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari zilipoharibika na intaneti ya Afrika Mashariki ikadhoofika, msimbo ulioandikwa vizuri haukuwa na la kumsaidia mwenye seva huko.



Huenda malipo ya mwezi ya utunzaji yakashika mahali pa ujira wa mara moja, ingawa dalili ni chache. Mkandarasi wetu ameanza kuandika katika mikataba mipya kwamba atakayeigusa seva kwa mkono atalipia saa za kuitengeneza. Wamo waliotia sahihi, na wamo ambao hadi sasa hawajairudisha karatasi.