Mchele wa ng'ambo na mpunga wa kwetu: tulifikaje hapa?



Kwenye ndoa, kwenye matanga na siku ya Noeli, wali haukosi mezani. Lakini tukisoma maandishi ya mifuko inayofunguliwa jikoni Kinshasa, Lubumbashi, Goma ao Bukavu, mara nyingi tunakuta majina ya Thailand, Vietnam, India ao Pakistan. Wakristo wengi wanauliza: nchi kubwa namna hii, yenye mvua na mito, inanunua mchele mbali hivyo kwa nini? Tumeona vema kueleza jambo hili, maana linagusa mfuko wa kila jamaa.

Mpunga si mgeni kwetu

Katika karne ya 19, wafanyabiashara Waswahili na Waarabu kutoka pwani ya mashariki walifika mto Lualaba, wakakaa Nyangwe na Kasongo. Walileta lugha hii tunayoandika, na walileta mpunga. Biashara yao ilikuwa na damu, maana waliuza watu pia. Baada yao, Wabelgiji waliendeleza kilimo hicho kwa nguvu. Tangu 1917 sheria iliwalazimisha wanakijiji kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali, na aliyekataa alitozwa faini ao kufungwa. Mpunga ukaenea Maniema, pande za Kisangani na Bumba. Kituo cha utafiti cha Yangambi kilichagua mbegu nzuri. Moja kati yao, OS6, ilivuka mipaka ikalimwa mpaka Nijeria.

Kwa hiyo ardhi ilikuwepo, mbegu zilikuwepo, na ujuzi ulikuwepo. Tatizo tutalikuta mahali pengine.

Njia ilikatika

Mkulima akiisha kuvuna anahitaji vitu vitatu: mashini ya kukoboa, mnunuzi, na njia ya kufikisha mzigo mjini. Vyote vitatu vilianguka kimoja kimoja. Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza zairianisation: maduka, mashamba na magari ya wageni yalipewa Wazaire, wengi wao bila mtaji wala mazoea ya kazi. Mnunuzi aliyekuwa akifika kijijini na lori hakurudi tena. Uporaji wa 1991 na 1993 ulimaliza maghala na mashini za mjini. Halafu vita vya 1996 na 1998 viliwafukuza wakulima mashambani, na barabara zikamezwa na pori.

Wakati huohuo watu waliongezeka. Mwaka 1960 Wakongomani walikuwa karibu milioni 15; leo tumepita milioni 100. Miji ilijaa kuliko vijiji. Mama anayetoka sokoni jioni anapenda mchele kwa sababu unaiva upesi na haumsumbui kama muhogo, ambao lazima uloweke, uanike na utwange. Hamu ya wali ilipanda kwa miaka ileile ambayo njia za mpunga zilikuwa zinafungwa. Mchele wa ng'ambo uliingia katika nafasi hiyo.

Milango ya kuingilia

Upande wa magharibi, meli zinashusha mchele wa Asia Matadi na Boma, nao unapanda mpaka Kinshasa. Toka Bumba mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,000 za mto, na mashua inaweza kuchukua majuma mengi njiani, ikisimamishwa huku na huku kwa kodi. Upande wetu wa mashariki, mchele unapita Mombasa na Dar es Salaam, halafu Uganda, Rwanda ao Burundi. Mchele wa Tanzania unavuka pia ziwa Tanganyika mpaka Kalemie na Uvira. Mara nyingi mfuko uliosafiri baharini unafika sokoni kwa bei ndogo kuliko ule wa Kasongo, ambao umekwama kwenye matope.

Hatari yake

Anayekula kutoka kwa jirani analala njaa siku jirani akifunga mlango. Mwaka 2008 India na Vietnam zilizuia mchele wao kutoka, na tani moja ya mchele wa Thailand ilipita dola 1,000. Julai 2023 India ilizuia tena mchele wake mweupe wa kawaida, ikalegeza katazo hilo Septemba 2024. Maamuzi hayo yanachukuliwa mbali, lakini mjane wa Bukavu anayapata kwenye kipimo chake sokoni. Na kwa kuwa mchele wa nje unalipwa kwa dola, faranga ikianguka bei inapanda hata kama Asia haijabadili kitu.

Mkulima naye anaumia. Kwenye mashamba yetu ya mvua, hekta moja inatoa mara nyingi chini ya tani moja ya mpunga, wakati wastani wa dunia unapita tani 4. Kilo 100 za mpunga zikikobolewa vizuri zinatoa kilo 60 hivi za mchele. Mashini iliyochoka inavunja punje, na mnunuzi anachagua mchele mzima wa ng'ambo. Lililo baya zaidi ni deni: mtoto anaugua, ada ya shule inadaiwa, na baba anauza mpunga ungali kijani shambani kwa nusu ya bei.

Kanisa na mpunga

Nehemia 5 inatuonyesha watu walioweka rehani mashamba yao ili wapate nafaka, na Nehemia hakuwaambia waombe tu. Aliita mkutano, akawakemea wakopeshaji, akadai mashamba yarudishwe. Kanisa linalohubiri kitabu hicho haliwezi kunyamaza wakati mwanachama wake ananunua mpunga wa mwanachama mwingine kabla haujakomaa.

Tuna jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawana: parokia kijijini na parokia mjini, na watu wanaoaminiana. Parokia ya kijijini inaweza kuwa na ghala dogo na sanduku la mkopo bila riba ya kunyonya, ili mkulima angoje bei nzuri. Wamama wa parokia ya mjini wanaweza kuagiza pamoja mchele wa sikukuu kutoka kwa ndugu zao.

Hatudanganyi kwamba hayo yanatosha. Barabara ni kazi ya serikali, na tuiulize bila woga. Na tangu Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, wakulima wengi wa bonde la Ruzizi wanapanda bila kujua nani atavuna. Kwa hiyo, tunapowaombea amani siku ya Bwana, tuwaombee pia wavune walichopanda, na tukiweza, tununue mavuno yao.