Wa mwisho kufika Mexico City

Jumapili ya tarehe 20 Oktoba 1968, saa tisa alasiri, wanaume 75 walitoka mbio kutoka uwanja wa Zócalo, katikati ya Mexico City. Mbele yao kulikuwa na kilomita 42 na ushei. Tanzania nayo ilikuwa na mtu wake katika kundi lile: John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, mwenye umri wa miaka 30 hivi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi hiyo kushiriki Olimpiki kwa jina la Tanzania. Miaka minne kabla, mjini Tokyo, wanamichezo wake walikuwa wameingia uwanjani kwa jina la Tanganyika.

Mji wenyewe ulikuwa mtihani. Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho kila pumzi humpa mtu oksijeni pungufu kwa karibu robo ikilinganishwa na pwani. Warukaji na wakimbiaji wa mbio fupi waliifurahia hewa ile nyepesi. Mmarekani Bob Beamon aliruka chini mita 8.90, umbali ambao watu hawakuamini macho yao. Kwa wakimbiaji wa mbio ndefu hali ilikuwa shubiri. Ron Clarke wa Australia, mmoja wa wakimbiaji hodari kuliko wote wa zama zake, alizimia baada ya kumaliza mita 10,000, madaktari wakahangaika kumrudishia pumzi. Mkenya Naftali Temu, aliyeshinda mbio hizo za mita 10,000, aliingia pia marathoni wiki moja baadaye na kuambulia nafasi ya 19.

Akhwari alianza kubanwa na misuli akiwa bado na safari ndefu. Walipokaribia kilomita ya 19, wakimbiaji walikuwa wakisukumana kugombea nafasi. Akagongwa, akaanguka. Goti liliumia na kuteguka, bega likapigwa vibaya na lami. Wahudumu wakamfunga bendeji.

Hapo ndipo mtu yeyote angeweza kusema basi, na hakuna ambaye angemlaumu. Wakimbiaji 18 hawakumaliza siku ile. Mmoja wao alikuwa Abebe Bikila wa Ethiopia, bingwa wa Olimpiki mara mbili, aliyejitoa kabla ya nusu ya mbio kwa sababu ya mguu uliokuwa na jeraha. Kama Bikila mwenyewe alikaa pembeni, nani angemuuliza kitu kijana wa Mbulu?

Akhwari aliinuka akaendelea. Zilikuwa zimebaki kilomita 23.

Ni rahisi kuisoma namba hiyo na kuipita. Kilomita 23 kwa goti lililoteguka, katika hewa isiyotosha mapafu, ni zaidi ya saa mbili za kukanyaga maumivu, hatua moja baada ya nyingine. Alikimbia kidogo, akatembea, akachechemea, akajaribu kukimbia tena. Wenzake walizidi kumpita hadi nyuma yake hakukuwa na mtu. Mamo Wolde wa Ethiopia alivuka mstari wa mwisho kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Washindi wakapewa medali zao. Jua likatua. Watazamaji wengi wakaondoka kwenda makwao, wakabaki elfu chache tu katika uwanja mkubwa wa Olimpiki, mbio zilikoishia.

Ndipo habari zikafika kwamba kuna mmoja bado yuko njiani. Wapiga picha wakageuza kamera kuelekea lango la uwanja. Akaingia Akhwari, bendeji imelegea mguuni, kila hatua akiivuta kwa taabu, na waliobaki wakaanza kumpigia makofi. Alimaliza akiwa wa 57, wa mwisho kabisa, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Mshindi alikuwa amemtangulia kwa saa moja na dakika tano.

Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumsafirisha umbali wa maelfu ya maili ili aanze mbio, ilimtuma akazimalize. Jibu hilo limezunguka dunia nzima. Hutajwa katika mahafali, katika semina za viongozi, katika mahubiri ya Jumapili. Ni maneno mazuri, lakini yana uzito zaidi yakirudishwa mahali yalipotoka. Tanganyika ilikuwa huru kwa karibu miaka saba tu. Azimio la Arusha lilikuwa halijatimiza hata miaka miwili. Kwa kijana wa vijijini wa wakati ule, kutumwa na nchi hakukuwa kitu cha mchezo. Taifa lililomtuma lilikuwa maskini, na yeye alilijua hilo. Akhwari alikuwa amekwisha kupata jibu la swali la kwa nini yuko pale kabla goti halijateguka. Maumivu yalipokuja, hakuhitaji kulitafuta upya.

Hili ndilo watu wengi hulikosa wanapozungumza kuhusu ujasiri. Huusubiri ujasiri uje wenyewe siku ya shida, wakidhani ni joto fulani linalopanda kifuani kwa wakati ufaao. Aliyefiwa na mwenzi na kubaki na watoto wadogo, aliyepoteza kazi akiwa na miaka hamsini, aliyeambiwa na daktari kwamba matibabu yatachukua miaka miwili, wote hao huamka siku nyingine bila joto lolote. Kinachowainua ni kujua nani anawategemea na wametoka nyumbani kufanya nini. Safari nzima ikizidi upeo wa macho, wanaikata vipande vipande, kama mkimbiaji aliyechoka anayejiahidi kufika kwenye nguzo ya taa inayofuata tu.

Siku hiyohiyo ya marathoni, katika uwanja uleule, Mkenya Kipchoge Keino naye alikuwa na vita vyake. Mfuko wa nyongo ulikuwa unamsumbua, na madaktari walimwonya asikimbie. Wiki moja kabla alikuwa amezidiwa na maumivu katika mita 10,000, akatoka nje ya njia mizunguko michache kabla ya mwisho. Siku nne baadaye akapata medali ya fedha katika mita 5,000. Ilipofika fainali ya mita 1,500, aliyemsubiri ni Jim Ryun wa Marekani, mshikilizi wa rekodi ya dunia, aliyesifika kwa kuchomoka mwishoni.

Keino hakukimbia kwa moyo peke yake. Mwenzake Ben Jipcho alitangulia na kuuchapa mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56 hivi, kasi ya kutisha katika hewa ile, kisha Keino akaichukua kazi na kuikaza hadi mwisho ili Ryun asibaki na nguvu za kuchomoka. Walijua kwamba mtu aliyezaliwa na kulelewa katika nyanda za juu za Nandi ataivumilia hewa nyepesi kuliko mtu wa Kansas. Keino alishinda kwa dakika 3 na sekunde 34.9, akamwacha Ryun nyuma kwa mita 20 hivi. Ushupavu wake ulikuwa na mpango, na ulikuwa na rafiki aliyekubali kujichosha kwa ajili yake. Jipcho mwenyewe hakupata medali katika mbio zile. Anastahili kutajwa kila ushindi ule unapotajwa.

Hata hivyo, habari hizi zisichukuliwe kuwa ruhusa ya kudharau ushauri wa daktari. Kuna watu waliojilazimisha wakaishia kaburini, na kuna kocha anayemwambia mtoto akimbie na mfupa uliovunjika huku akijiita mlezi wa vipaji. Anayeacha kwa sababu mwili umekataa si mwoga. Maisha ya Bikila yanatosha kuwa ushahidi.

Bikila alishinda marathoni ya Rome mwaka 1960 bila viatu. Akashinda tena Tokyo mwaka 1964, wiki chache tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidoletumbo. Mexico City alishindwa kuendelea, akakaa pembeni. Miezi mitano baadaye, Machi 1969, gari lake lilipata ajali nchini Ethiopia, na miguu iliyokuwa imeshangaza dunia haikutembea tena. Alipelekwa kutibiwa katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mahali palipoanzishwa michezo ya watu waliopooza. Mwaka 1970 alishiriki michezo hiyo, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akilenga shabaha kwa upinde na mishale.

Bingwa wa Olimpiki akawa mwanafunzi tena, katika mchezo ambao hakuna aliyemtazamia kushinda. Huenda hilo lilihitaji moyo mkubwa kuliko kukimbia peku juu ya mawe ya Rome. Kule Rome alikuwa akitumia kipaji chake. Stoke Mandeville alikuwa amenyang'anywa kipaji hicho, na bado akaomba apewe cha kufanya. Mwaka 1972 alialikwa Munich kama mgeni wa heshima, na umati ukamshangilia akiwa kitini. Alifariki Oktoba 1973, akiwa na umri wa miaka 41.

Na Akhwari je? Hapa ndipo wasimuliaji wengi hufunga kitabu mapema. Humwacha uwanjani Mexico City, anachechemea milele kwenye filamu iliyopigwa na kamera zile, kana kwamba maisha yake yaliishia pale. Sivyo. Goti lilipona, akarudi mazoezini. Julai 1970 alikwenda Edinburgh, Uskochi, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akaingia tena marathoni. Safari hii alimaliza wa tano, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Muda huo ni mfupi kwa saa moja na dakika kumi kuliko ule wa Mexico City, na ni mfupi hata kuliko ule uliompa Wolde dhahabu, ingawa hewa ya Edinburgh haifanani na ya Mexico City.

Wanamichezo husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Akhwari alikubali kuwa wa mwisho mbele ya kamera za dunia, hakujificha, kisha akarudi kwenye vilima vya Mbulu kuanza upya. Mazoezi ya huko hayakuwa na makofi ya mtu yeyote. Mwaka 1983 alitunukiwa nishani ya ushujaa na nchi yake. Aliendelea kuishi Mbulu, akilima.

Tanzania imesubiri sana katika riadha. Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walileta medali za fedha kutoka Moscow mwaka 1980, na tangu hapo nchi haijapata medali nyingine ya Olimpiki. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alikuwa wa tano Rio de Janeiro mwaka 2016, akapata shaba ya mashindano ya dunia London mwaka 2017, kisha ikapita miaka mingi bila medali nyingine ya dunia wala ya Olimpiki. Katika Olimpiki ya Paris 2024 alimaliza wa 17. Wengi walidhani wakati wake umepita. Septemba 2025, mjini Tokyo, katika marathoni ya mashindano ya dunia, Mjerumani Amanal Petros alikuwa mbele yake mita za mwisho kabisa. Simbu akajirusha kwenye utepe. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na mtambo ukaonyesha kwamba Simbu ametangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo, naye alikuwa na miaka 33.

Kwa hiyo mwalimu wa michezo anayewasimulia wanafunzi habari za Mexico City asiishie kwenye bendeji. Awaambie na ya Edinburgh.